Wakati Ujao wa Kiingereza na Mitego Yake

Katika kambi za Mbuya na Makindye, na katika nyumba za polisi za Nsambya na Naguru, lugha tatu hukutana kila siku chini ya paa moja. Baba hupokea amri kwa Kiswahili, mama huzungumza na jirani kwa Kiluganda, na mtoto hurudi shuleni na daftari la Kiingereza. Kila moja ya lugha hizo ina njia yake ya kutaja jambo ambalo bado halijatendeka, na hapo ndipo yanapozaliwa makosa mengi ya madaftari, ya barua, na hata ya taarifa za polisi. Juma hili, ndugu wasomaji, tuutazame wakati ujao sahili wa Kiingereza.

Umbo lake si gumu. Mswahili hutia "-ta-" ndani ya kitenzi: nitakuja, watasoma. Mwingereza huweka neno "will" mbele ya kitenzi kilicho kitupu: "I will come", "they will read". Kitenzi hicho hakiongezwi kitu. "He will comes" ni kosa, na "he will to come" ni kosa vilevile. Katika kukanusha huongezwa "not", na katika mazungumzo maneno hayo mawili hufupishwa yakawa "won't". Katika kuuliza, "will" hutangulia mtenda: "Will he come?"

Hapo kale "will" lilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kutaka. Nayo "-ta-" yetu, wataalamu wa lugha huiona kuwa imetokana na "taka". Ndiyo maana twasema "atakayekuja" na "nitakapofika", ambamo "-taka-" imebaki nzima. Basi Mwingereza na Mswahili, bila ya kushauriana, walichukua neno la kutaka wakalifanya kuwa la kesho.

Muganda yeye alikwenda njia nyingine. Kiluganda kina nyakati zijazo mbili: ule wa karibu na ule wa mbali. "Anaasoma" kwa Kiluganda maana yake ni kwamba atasoma hivi karibuni, pengine leo hii. "Alisoma" maana yake ni kwamba atasoma siku za mbele huko. Tazama basi taabu ya kuruta wa Kiganda anapoanza Kiswahili cha jeshini! Kwa Mswahili, "anasoma" ni sasa, na "alisoma" ni jambo lililokwisha pita. Neno lililoandikwa kwa herufi zile zile humpeleka mmoja mbele na mwingine nyuma. Afande aliyekulia pwani asishangae sana kijana akikosea.

Kiingereza hakina mgawanyo huo wa karibu na mbali ndani ya kitenzi. "I will come" yaweza kuwa jioni hii, yaweza kuwa baada ya mwaka. Hili si dogo kwa familia za askari. Tangu mwaka 2007, jeshi la Uganda lilipopeleka askari Somalia, nyumba nyingi zimeishi kwa kungojea ujumbe mfupi. Mke aliyezoea kusikia karibu na mbali katika Kiluganda hawezi kuvipata katika "I will come" peke yake. Yafaa mwandishi aongeze siku: "I will come on Friday", au mwezi, ikiwa ruhusa ya likizo imekwisha tolewa.

Mtego ulio mkubwa kuliko yote ni huu. Mswahili husema, "Nitakapofika nitakupigia simu", na wakati ujao umetajwa mara mbili. Akiifuata njia hiyo hiyo huandika "When I will arrive, I will call you". Mwingereza hasemi hivyo. Baada ya "when", "if", "before" na "until" zinazotaja wakati au sharti, yeye hutumia wakati uliopo: "When I arrive, I will call you". Njia nyepesi ya kukumbuka ni kuigeuza sentensi iwe na "-ki-" kwanza: "Nikifika nitakupigia simu". Mle ndani ya "nikifika" hamna "-ta-", na katika Kiingereza hamna "will".

Kwa polisi liko jambo la pekee. Mshukiwa akisema, "Nitarudisha fedha", taarifa ya Kiingereza kwa kawaida huandikwa "He said that he would return the money". Kitenzi cha kusema kikiwa cha wakati uliopita, "will" hurudi nyuma ikawa "would".

Kadhalika, si kila "will" ni utabiri. Mkubwa akisema "You will report at six o'clock", hiyo ni amri, kama vile afande asemavyo "Utaripoti!" kwa sauti isiyohitaji tafsiri. (Na saa hiyo, akimaanisha asubuhi, kwetu ni saa kumi na mbili. Wako waliopata adhabu kwa hilo tu.)

Limebaki "shall". Vitabu vya zamani viliagiza "I shall" na "we shall". Siku hizi "will" latosha kwa nafsi zote. "Shall" hutumika zaidi katika kushauriana, "Shall we go?", yaani "Twende?", na katika sheria, ambamo huonyesha lazima. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ilivyorekebishwa mwaka 2005, hutumia "is" kwa Kiingereza, lugha rasmi ya nchi. Kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili, hutumia "shall be", na matumizi yake yaamuliwe na sheria ya Bunge. Wako waisomao "shall be" hiyo kama ahadi ya siku zijazo, ilhali kwa lugha ya wanasheria ni agizo.

Watoto wajaribu kutafsiri haya, baba au mama akisimamia: Mvua ikinyesha hatutakwenda sokoni. Atakaporudi kutoka zamu atakula. Nifunge mlango?

Majibu: "If it rains, we will not go to the market." "When he returns from duty, he will eat." "Shall I close the door?"