Bima ya Duka Dogo Wakati wa Masika na Sikukuu



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya bima, na hasa bima ya mtu mwenye duka dogo. Wengi wakisikia neno hili hudhani ni jambo la matajiri wenye meli na maghala. Lakini tajiri akipoteza ghala moja, aghalabu anayo mengine. Mwenye duka moja akilipoteza, amepoteza mtaji, karo ya watoto na mkopo ambao hajamaliza kuulipa. Basi ni nani kati yao mwenye haja kubwa zaidi ya bima?

Tuchukue mfano wa Mazimbu, katika mji wa Morogoro. Hapo zamani palikuwa shamba la mkonge. Katika miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa mahali hapo wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa serikali ya Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Penye wanafunzi pana wanunuzi, na kwa hiyo Mazimbu kuna maduka ya vyakula na madaftari, mafundi cherehani, saluni na vibanda vya chipsi. Nyuma yao yasimama milima ya Uluguru, nayo milima hiyo huleta neema na hatari pamoja.

Kila majira yana hatari yake. Masika, tangu Machi hata Mei, huleta maji. Mvua yaweza kuwa haijanyesha mtaani, kumbe milimani imenyesha usiku kucha, na mito na makorongo hufurika kwa ghafula. Watu wa Kilosa, katika mkoa huo huo, hawajasahau mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, maji ya mto Mkondoa yalipoingia katika nyumba na kuharibu njia ya reli. Baada ya masika huja kipupwe na kiangazi. Nyasi hukauka, upepo huvuma, na moto hupata nafasi. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Vuli nayo huleta mvua tena, mara nyingi karibu na Krismasi na Mwaka Mpya.

Sasa zitazameni sikukuu. Moto ule wa Kariakoo ulitokea siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Na kwa kuwa Idi hufuata mwezi, kila mwaka hutangulia kwa siku kama kumi na moja na kuangukia majira mengine. Mwaka 2024 Idi el Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili, katikati ya masika yaliyoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Tanzania. Tena sikukuu inapokaribia, mwenye duka hujaza nguo, sukari, mchele na vinywaji mpaka mlangoni. Fedha hulala dukani, wezi wanajua, na aghalabu sehemu ya bidhaa imechukuliwa kwa mkopo. Yaani siku ambazo duka lina mali nyingi kuliko siku zote ndizo siku ambazo hatari nazo ni nyingi. Hili ndilo jambo kubwa la mazungumzo yetu ya leo.

Bima ni nini? Wazee wetu waliijua maana yake kabla ya kulijua jina, kwa ujima na vyama vya kuzikana. Watu wengi hutoa kidogo kidogo, na yule aliyepatwa na msiba husaidiwa kwa fungu la wote. Bima si upatu, maana katika upatu kila mtu hupokea zamu yake ikifika. Katika bima hupokea aliyepata hasara tu, na wengine hushukuru kwamba mwaka umepita salama. Huko London, mwaka 1666, moto uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000, na baada ya msiba huo ndipo watu wa mji ule walipoanza kuanzisha ofisi za bima ya moto. Kwetu Tanzania, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963. Leo yako makampuni mengi, na yote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Mwenye duka mmoja, tuseme, ana mali ya shilingi 3,000,000 katika siku za kawaida. Akakata bima ya shilingi 3,000,000, akalipa ada yake, akapewa hati. Desemba ikafika, naye akaongeza bidhaa mpaka mali ikawa shilingi 6,000,000, wala hakuiarifu kampuni. Moto ukazuka, ukateketeza nusu ya mali, yaani shilingi 3,000,000. Yeye alitumaini kulipwa zote. Lakini hati nyingi za bima ya mali zina sharti la kugawana hasara. Kampuni itapima na kusema: mali ilikuwa 6,000,000, nawe uliikatia bima ya 3,000,000, yaani nusu. Basi nasi tutakulipa nusu ya hasara, shilingi 1,500,000. Na huenda kutoka katika hizo ikatolewa sehemu ambayo hati yasema mwenyewe ataibeba.

Huyu atalia kwamba amedhulumiwa. Lakini fikirini habari ya mtu mwenye ng'ombe sita aliyemlipa mchungaji ujira wa kuchunga watatu. Ng'ombe watatu wakipotea, je, mchungaji atawalipa wote? Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kujaza bidhaa za sikukuu, nenda kwa wakala ukaulize namna ya kuongeza thamani ya bima kwa miezi hiyo. Au tangu mwanzo kata bima kwa kiasi cha mali unayokuwa nayo wakati duka limejaa kabisa. Ada itaongezeka kidogo, lakini heri kidogo hicho kuliko nusu ya duka.

Yako na mambo mengine yapasayo kuangaliwa kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, uliza hati yako yalinda nini. Bima ya moto pekee mara nyingi haihesabu mafuriko, mpaka yaongezwe na kuandikwa. Bima ya wizi nayo aghalabu hutaka pawe na dalili ya kuvunja. Mtumishi akikuibia polepole kutoka sandukuni, hiyo ni habari ya bima nyingine.

Pili, usichanganye jengo na mali iliyomo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliyaingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika vitu vinavyotakiwa kukatiwa bima. Hilo ni jambo jema, lakini asije mpangaji akadhani kwamba bima ya mwenye jengo itamrudishia vitenge vyake. Mali yako uikatie bima yako mwenyewe.

Tatu, sema kweli yote. Kama jirani yako huchomelea vyuma, au wewe mwenyewe wauza mafuta ya taa, litaje. Jambo kubwa likifichwa siku ya kukata bima, laweza kuyaangusha madai siku ya msiba.

Nne, bima haiponyi biashara iliyodorora. Wanafunzi wakienda likizo na duka likakaa bila wateja, hiyo ni hasara ya biashara, yakupasa uiwekee akiba.

Tano, andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Weka hesabu ya bidhaa zinazoingia na kutoka, tunza stakabadhi, na nakala yake iwe nyumbani, maana daftari likiungua pamoja na duka halitakusaidia neno. Siku hizi hata picha ya simu, iliyopigwa kila mwisho wa mwezi na kutumwa kwa ndugu, ni shahidi mzuri.

Hasara ikitokea, iarifu kampuni mara moja. Okoa kinachookoka, wala usitupe vilivyoharibika kabla havijatazamwa. Ukiibiwa, toa habari polisi. Ukiunguliwa, toa habari kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji pia. Ukiona hukutendewa haki, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba aliyepokea ada yako ni wakala mwenye leseni, na kwamba umepewa hati, wala si maneno matupu.

Tena bima haimpi mtu ruhusa ya kulala. Inua magunia juu ya ubao kabla ya masika, zibua mtaro, usiache waya ulio wazi, wala jiko lenye moto usiku. Bima hurudisha thamani ya mali, lakini hairudishi wateja waliozoea kwenda kwingine ulipokuwa umefunga.

Basi, mwenye duka, kabla ya sikukuu ijayo fanya jambo moja. Funga mlango jioni moja, hesabu mali yako yote, kisha ifungue hati yako usome thamani iliyoandikwa. Kama hesabu hizo mbili hazilingani, kesho asubuhi safari yako ya kwanza iwe kwa wakala, na ya pili kwa mwuza jumla.

Kwa herini.