Pai ya Viazi Vitamu

Viazi vitamu tumezoea kuvichemsha kwa chai ya asubuhi. Huko Marekani, hasa upande wa kusini, Wamarekani weusi huvipikia pai, nayo haikosi mezani katika sikukuu ya Shukrani mwezi wa Novemba.

Abby Fisher alizaliwa South Carolina wakati wa utumwa. Alizaa watoto 11. Utumwa ulipokwisha komeshwa mwaka 1865, familia ilihamia San Francisco, akawa anatengeneza achari na jamu. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha mapishi, ingawa yeye na mumewe hawakujua kusoma wala kuandika. Yeye alisimulia, wengine wakaandika.

Pai yake imo humo. Viazi karibu kilo 1 hutoa pai mbili. Chemsha, menya, uviponde vingali moto pamoja na kijiko cha siagi na chumvi kidogo. Piga mayai 5, viini mbali na ute mbali. Tia maziwa, sukari, maji ya chungwa moja na nusu ya ganda lake lililokunwa. Kinyunya kiwe chini tu, juu usifunike. Oka upesi.

Kipimo cha sukari hakukitaja. Mimi huanza na vijiko vitatu, halafu naonja.