Je, wajua? Karani aliyemo ndani ya prosesa

Simama Kibarani, Mombasa, asubuhi, pale barabara inapotoka Makupa kuelekea Changamwe, ujaribu kuhesabu malori ya makontena. Ukimsimamisha kila dereva umwandike, foleni utakuwa umeileta wewe. Ukihesabu kwa macho tu, utapata idadi lakini hutajua malori yanakwama wapi.

Anayetaka kujua kwa nini programu inakokota ana shida hiyohiyo. Prosesa hutekeleza mabilioni ya amri kwa sekunde. Ukiikatiza kila amri uipime, kasi unayoipima si yake tena. Kwa hiyo prosesa zimewekewa makarani wao wenyewe: vihesabio vidogo vinavyohesabu amri zilizotekelezwa, au mara ambazo data ilikosekana karibu ikabidi ifuatwe mbali. Pentium ya Intel, iliyotoka 1993, ilikuwa navyo viwili. Intel haikueleza hadharani namna ya kuvitumia. Terje Mathisen wa Norway ndiye aliyeifichua siri hiyo katika jarida la Byte mwaka 1994.

Uzuri wake hasa uko kwenye namba hasi. Kiini cha mfumo endeshi kikitaka sampuli kila baada ya matukio 100,000, hukianzisha kihesabio kwenye hasi 100,000. Kila tukio huongeza moja. Kikigonga sifuri hupiga kengele, na kiini huandika programu ilikuwa imefika mstari upi. Ni kama kulisimamisha kila lori la mia tu na kumuuliza dereva amekwama wapi. Majibu yakishakuwa mengi, penye msongamano pataonekana.

Kiini cha Linux, ambacho ndicho kilichomo kwenye simu za Android, kilipata mfumo wa kuvisoma vihesabio hivi, uitwao perf, Septemba 2009. Nao perf ukaja kuponzwa na namba hasi.

Mbali na matukio ya prosesa, perf huhesabu pia matukio ya kiini chenyewe, na kila aina ina namba yake. Mtumiaji huituma ikiwa ya biti 64, isiyoweza kuwa hasi. Mstari mmoja wa msimbo uliipokea kama namba ya biti 32 inayoweza kuwa hasi, hivyo namba kubwa ingeweza kugeuka hasi. Kisha ukaguzi ukauliza swali moja tu: je, imevuka kikomo cha juu? Namba hasi haivuki kikomo cha juu. Ikapita, kiini kikaenda kuandika nje ya jedwali lake, na mtu wa kawaida akaweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Kinachoniuma ni kwamba sehemu ya kufunga hesabu iliisoma namba hiyohiyo sawasawa. Msomaji aliyeziweka sehemu hizo mbili ubavu kwa ubavu angeliona kosa.

Kosa hilo lilidumu tangu toleo la Linux 2.6.37 hadi 3.8.8. Aprili 2013 Tommi Rantala alilinasa kwa Trinity, programu inayokirushia kiini maombi ya kubahatisha mpaka kijikwae. Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja, linalotaja aina ya namba, na toleo 3.8.9 likatoka nayo. Kwa mwenye simu, neno hilo lilimfikia tu pale mtengenezaji alipojisumbua kumpelekea.