'Shrek 2': Sauti zalipwa kwanza, mwenye hisa ala mwisho

MANYONI

MWENYE duka anayepokea katoni 50 za mafuta ya alizeti kwa mali kauli hajauza katoni hata moja. Amezipanga tu. Zikitoka, atampelekea mwenye mali fedha zake, zisipotoka, atazirudisha. Biashara ya aina hiyo inaeleweka vyema katika mji huu, mahali ambapo njia ya reli ya Singida inachepuka kutoka Reli ya Kati, na ambapo barabara ya kutoka Dodoma inagawanyika, moja ikienda Singida na nyingine Itigi na Tabora.

Mwaka 2005 wanunuzi wa hisa wa New York walikumbushwa somo hilohilo, tena kwa bidhaa ambayo wengi waliamini haiwezi kulala dukani. Bidhaa hiyo ilikuwa DVD za "Shrek 2", filamu ya katuni ya kuchekesha iliyotengenezwa kwa ajili ya familia nzima. Filamu iliyoongoza kwa mapato duniani mwaka 2004 ndiyo iliyoshusha bei ya hisa za kampuni yake mwaka uliofuata.

Kwa mwekezaji mdogo, awe amenunua hisa Dar es Salaam au amekopesha mali kwa duka la jirani, kisa hicho kina thamani kuliko filamu yenyewe. Kinaonyesha nani hulipwa kwanza katika biashara inayoshangiliwa na kila mtu, na nani hungoja hadi mwisho.

Zimwi lenye faida

Filamu ya kwanza ya "Shrek" ilitoka mwaka 2001. Ilitokana na kitabu cha watoto cha William Steig kilichochapishwa mwaka 1990, kuhusu zimwi la kijani lisilopendwa na watu. Iligharimu takriban dola milioni 60 na kuingiza zaidi ya dola milioni 480 katika majumba ya sinema duniani. Mwaka 2002 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni, tuzo ambayo ilikuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza.

Biashara ikifanya vizuri namna hiyo, mwenye mali hurudi shambani. "Shrek 2" ilitoka Mei 2004, ikasimulia safari ya zimwi huyo na mkewe, Fiona, kwenda kuonana na wakwe. Safari hii gharama zilipanda hadi takriban dola milioni 150, mara mbili na nusu ya filamu ya kwanza. Hata hivyo, mapato nayo yalipanda na kupita dola milioni 900. Hakuna filamu ya katuni iliyoipita hadi mwaka 2010, "Toy Story 3" ilipotoka.

Bei ya sauti

Sehemu ya ongezeko hilo la gharama ilikwenda kwa watu ambao sura zao hazionekani kabisa katika filamu. Mike Myers alitia sauti ya Shrek, Eddie Murphy ya Punda, na Cameron Diaz ya Fiona. Magazeti ya Marekani yaliripoti kuwa kila mmoja wao alilipwa dola milioni 10 kwa filamu ya pili, wakati kwa filamu ya kwanza walipata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Ikiwa ndivyo, watu watatu walichukua dola milioni 30, yaani moja ya tano ya gharama zote.

Wengine walioongezwa ni Julie Andrews na John Cleese, waliokuwa wazazi wa Fiona, Jennifer Saunders, Rupert Everett, na Antonio Banderas, aliyekuwa Paka Mvaa Buti.

Sababu ya sauti kupanda bei haiko mbali na mambo ya soko la kawaida. Filamu ya kwanza inapotengenezwa, msanii anaweza kubadilishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Shrek". Chris Farley alikuwa amekwisha kurekodi sehemu kubwa ya maneno ya zimwi, lakini alifariki Desemba 1997, na kazi ikapewa Myers. Myers naye, baada ya kurekodi, aliomba kurudia kwa lafudhi ya Kiskoti. Kampuni ilikubali, ingawa marudio hayo yalikadiriwa kugharimu dola milioni 4 au zaidi.

Baada ya filamu kupendwa, mambo yaligeuka. Watoto walikwisha kuizoea sauti ya zimwi na ya punda. Kuzibadilisha kungekuwa sawa na mwenye duka kuondoa chapa ya sabuni ambayo wateja wote huja kuiulizia. Mwenye chapa akishajua hilo, hupandisha bei, na mwenye duka hulipa.

Aidha, malipo hayo hutangulia. Katika filamu za katuni sauti hurekodiwa kwanza, mara nyingi kila msanii akiwa peke yake studio, kisha wachoraji huchora midomo na nyuso kufuata maneno. Kwa hiyo gharama ya sauti huingia kwenye daftari muda mrefu kabla tikiti ya kwanza haijauzwa.

Hisa zaingia sokoni

Kampuni ya DreamWorks iliundwa mwaka 1994 na Steven Spielberg, Jeffrey Katzenberg na David Geffen. Miaka kumi baadaye, wakati sifa za "Shrek 2" zikiwa bado moto, tawi lake la katuni lilitenganishwa na kuuzwa kwa umma. Oktoba 28, 2004, hisa milioni 29 za DreamWorks Animation ziliuzwa katika Soko la Hisa la New York kwa dola 28 kila moja, sawa na dola milioni 812. Siku hiyohiyo bei ilipanda na kufunga kwenye dola 38.75.

Wiki moja baadaye, mwanzoni mwa Novemba, DVD za "Shrek 2" ziliingia madukani. Mnunuzi wa hisa aliona hesabu nyepesi: filamu imeshavunja rekodi, sikukuu za mwisho wa mwaka zinakaribia, na kila familia itataka nakala yake.

Kilichosahaulika ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikitoa filamu mbili tu hivi kwa mwaka. Ilikuwa katika hali ya mkulima mwenye shamba la alizeti peke yake. Mvua zikiwa nzuri, mauzo huwa makubwa. Zikikosea, hana mtama wala karanga za kumshikilia.

DVD zarudi

Katika biashara ya DVD ya wakati huo, maduka makubwa ya Marekani yaliagiza nakala nyingi kwa mpigo na yalikuwa na haki ya kurudisha zisizouzika. Kampuni ilitenga fungu katika hesabu zake kwa ajili ya marejesho hayo. Marejesho yakizidi makadirio, mauzo yaliyokwisha kuandikwa hupunguzwa. Kwa lugha ya Manyoni, ilikuwa ni mali kauli kwa kiwango cha mamilioni.

Nakala zaidi ya milioni 30 ziliuzwa, idadi ambayo kampuni yoyote ingejivunia. Hata hivyo, mwenendo wa maduka ulikuwa umebadilika. Filamu mpya zilikuwa nyingi, nafasi ya rafu ikawa ghali, na wenye maduka wakaanza kurudisha mzigo mapema kuliko ilivyokuwa desturi. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2005, mauzo halisi ya "Shrek 2" yalikuwa karibu nakala milioni 1.5 tu, chini sana ya matarajio.

Mei 2005 kampuni ilitangaza faida iliyokuwa takriban robo moja chini ya makadirio ya wachambuzi. Hisa zilishuka kwa zaidi ya asilimia 10. Kabla ya katikati ya mwaka kupita, Pixar, mshindani wake mkubwa, nayo ilipunguza makadirio yake ya faida kwa sababu kama hiyo, safari hii ikiwa ni DVD za "The Incredibles".

Filamu haikuwa mbaya, na hakuna aliyedai hivyo. Wenye sauti walikuwa wamelipwa zamani. Wenye majumba ya sinema walikwisha kuchukua sehemu yao mlangoni. Wenye maduka walirudisha mzigo bila kuumia sana. Aliyebaki na pengo ni mwenye hisa, hasa yule aliyenunua wakati shangwe imepamba moto.

Hesabu ya mwisho ilipatikana mwaka 2016, Comcast ilipoinunua DreamWorks Animation kwa takriban dola bilioni 3.8, ikilipa dola 41 kwa hisa. Aliyenunua kwa dola 28 mwaka 2004 na kukaa nazo karibu miaka 12 alipata ongezeko la bei la asilimia 46, sawa na asilimia 3 na kidogo kwa mwaka. Aliyenunua kwa bei ya kufungia siku ya kwanza aliongeza dola 2.25 tu kwa kila hisa, chini ya asilimia 6 kwa kipindi chote.

Sauti inayolipa Manyoni

Katika miji ya aina ya Manyoni, filamu za kigeni hazikufika kwa njia ya majumba makubwa ya sinema wala maduka yenye haki ya kurudisha mzigo. Zilifika kwa kanda, kisha DVD, na baadaye kwa kuingizwa kwenye flashi na memori kadi. Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, kibanda cha video kilikuwa ndiyo sinema ya mtu wa kawaida. Runinga yenyewe ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu.

Huko, sauti ya dola milioni 10 haina bei. Lafudhi ya Kiskoti ya zimwi haimchekeshi mtu asiyefuatilia Kiingereza. Anayechekesha ni mtafsiri anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha, akiongeza utani wa mtaani. Kwa kazi hiyo majina kama Lufufu na DJ Mack yalijulikana kuanzia Dar es Salaam hadi mikoani, na nchini Uganda VJ Jingo alijipatia umaarufu kwa Kiganda. Wenye filamu nao wanajua nguvu ya lugha ya mnunuzi: Banderas aliirudia sauti ya Paka kwa Kihispania, kwa soko la Hispania na pia la Amerika ya Kilatini.

Mwenye kibanda ana faida moja ambayo kampuni ya New York haikuwa nayo. Hukusanya kiingilio kabla ya picha kuanza, na aliyekwisha kuingia harudishi kiti. Lakini ana hatari yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuizuia kunakiliwa na kuonyeshwa bila kibali, na mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kuweka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Mtaji uliowekwa kwenye nakala zisizo na kibali unaweza kuchukuliwa siku moja, na hakuna wa kudaiwa.

Njia iliyo salama zaidi ni ya kutengeneza sauti za Kiswahili tangu mwanzo. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, lilianza kurusha katuni za "Ubongo Kids" katika TBC mwaka 2014, zikiwa na wahusika wanaozungumza Kiswahili, na baadaye zikatiwa lugha nyingine za Afrika. Hapo mwenye sauti na mwenye kazi wanajulikana, na mkataba unaweza kuandikwa.

Maswali ya kuuliza

Kwa wale walionunua hisa za NMB mwaka 2008 na za CRDB mwaka 2009 kupitia matawi ya benki, na kwa wanaofikiria kununua nyingine katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kisa cha zimwi kinaacha maswali matatu.

La kwanza, mauzo yanayotajwa ni mali iliyolipiwa au ni mali iliyopelekwa tu? La pili, kampuni ina bidhaa ngapi, na moja ikianguka nini kinabaki? La tatu, ni nani wanaolipwa kabla ya mwenye hisa, na je, wanaweza kupandisha bei yao mwakani?

Swali la tatu bado ni hai. Filamu ya tano ya "Shrek" imetangazwa, Myers, Murphy na Diaz wakitajwa kurudi, na mwaka 2025 Zendaya aliongezwa. Zaidi ya miaka 20 baada ya filamu ya pili, mwenye mali bado hajaweza kuziacha sauti zilezile.

Na mwenye duka wa Manyoni aliyepewa katoni 50? Akitaka kujua kama biashara imekwenda vizuri, hatazami karatasi ya kupokelea mzigo. Anahesabu katoni zilizobaki, anahesabu fedha zilizo kwenye droo, ndipo anapoamua kama ataagiza nyingine.