Kimo kwa Kimo, Mlima kwa Mlima

Wazee wa Kichagga husimulia kwamba zamani Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro, waliishi jirani, na kwamba Mawenzi hakuwa mtu wa kuuangalia moto wake. Kila ulipozimika alikwenda kwa Kibo kuomba kaa. Akaenda leo, akaenda kesho, mpaka Kibo akachoka naye, akanyakua mchi akamtwanga. Ndiyo maana hadi leo kilele cha Mawenzi kimechongoka na kujaa makovu, ilhali Kibo ametulia na kichwa chake cha mviringo na barafu juu yake.

Hadithi hiyo ina namna nyingi, na kila kijiji kina yake. Mimi naipenda kwa sababu inaonyesha jambo ambalo binadamu haachi kulifanya: akiona vilele viwili lazima avilinganishe. Yupi mrefu, yupi mpole, yupi mwenye barafu nyingi. Sasa, wanangu, mtu akilinganisha kwa Kiingereza kuna sheria zake, na watunga mitihani wanazijua vizuri. Wengi wenu mnajiandaa kwa SAT, mtihani ulioanza mwaka 1926 na ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani huutumia kuwapima waombaji. Tangu 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani wanaufanya kwenye kompyuta. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yaani kila swali lina dakika moja na sekunde chache tu. Katika muda huo huwezi kuanza kukumbuka sheria moja baada ya nyingine. Kosa lazima likuchome sikio wewe mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, kwa sababu nawasikia vijana wakisema Kiingereza ni cha wenyewe, wao watakiwezea wapi. Kwenye jambo hili Kiswahili chenu kimeshawafundisha nusu ya kazi.

Tazameni sentensi hii: "The height of Kilimanjaro is greater than Mount Kenya." Ukiisoma haraka unaona iko sawa. Kilimanjaro una mita 5,895, Mlima Kenya una mita 5,199, hesabu haina shida. Lakini kilicholinganishwa ni nini? Upande mmoja umewekwa kimo. Upande wa pili umewekwa mlima mzima, na mawe yake, misitu yake na maji yake. Kimo na mlima havilingani, kwa sababu si vitu vya aina moja.

Sasa iseme kwa Kiswahili: "Kimo cha Kilimanjaro ni kikubwa kuliko cha Mlima Kenya." Mmekisikia hicho "cha" cha pili? Mlikidaka nyumbani mkiwa wadogo, kabla hamjajua neno ngeli. Kitoe, useme "kimo cha Kilimanjaro ni kikubwa kuliko Mlima Kenya", na mtu yeyote aliyekulia katika lugha hii atahisi kuna kitu kimepungua. Kiingereza nacho kina "cha" yake, nayo ni "that of": "The height of Kilimanjaro is greater than that of Mount Kenya." Njia nyingine ni ritifaa na herufi s: "Kilimanjaro's height is greater than Mount Kenya's." Ya tatu, na mara nyingi ndiyo nzuri kuliko zote, ni kuacha kimo kabisa na kulinganisha mlima na mlima: "Kilimanjaro is taller than Mount Kenya."

Vitu vikiwa vingi, "that of" inageuka kuwa "those of". Hapo pia mna mwalimu ndani yenu. Mnasema "mto wa barafu wa Kilimanjaro kuliko wa Mlima Kenya", lakini ikiwa ni mito mnabadilisha wenyewe: "mito ya barafu ya Kilimanjaro ni mikubwa kuliko ya Mlima Kenya." Mtahini akikuwekea "The glaciers of Kilimanjaro are larger than that of Mount Kenya", jiulize kama wewe ungesema "mito ya Kilimanjaro kuliko wa Mlima Kenya". Usingesema. Basi jibu ni "those of".

Mtego mkubwa zaidi uko mwanzoni mwa sentensi, kwenye maneno "like" na "unlike". Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo hata wanafunzi hodari huanguka. Nimewatungia swali la mfano. Sentensi inaanza hivi: "Like Toni Morrison, who won the Nobel Prize in Literature in 1993," halafu kuna nafasi tupu, na majibu manne. La kwanza: "the novels of Abdulrazak Gurnah give voice to the displaced." La pili: "Abdulrazak Gurnah's novels give voice to the displaced." La tatu: "Abdulrazak Gurnah gives voice to the displaced in his novels." La nne: "it is in novels that Abdulrazak Gurnah gives voice to the displaced."

Yote manne yanamtaja Gurnah, mwana wa Zanzibar aliyezaliwa 1948 na kupata Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Yote yanasema jambo la kweli juu ya vitabu vyake. Lakini sentensi imeshaanza na mtu: "Kama Toni Morrison." Msomaji anangoja mtu wa pili aje mara tu baada ya koma. Jibu la kwanza linamletea riwaya, kana kwamba Morrison ni riwaya. La nne linaleta "it", ambalo si mtu wala kitabu. La pili ndilo lenye hila. Jicho linaona "Abdulrazak Gurnah" limekaa pale pale baada ya koma, moyo unatulia, mkono unabonyeza. Rudisha jicho nyuma kidogo: kuna ritifaa. Kiima si Gurnah, kiima ni riwaya zake. Kwa Kiswahili usingedanganyika, kwa sababu sisi tunatanguliza kitu kabla ya mwenyewe: "Kama Toni Morrison, riwaya za Gurnah..." Kosa linaonekana mara moja, riwaya imekaa mbele. Kiingereza kinamtanguliza mwenyewe na kukificha kitu nyuma ya ritifaa. Jibu sahihi ni la tatu.

Kwa hiyo nawaomba mfanye jambo moja kila mnapokutana na "like", "unlike", "than" au "compared with". Weka kidole kwenye kitu cha kwanza, weka kidole kingine kwenye cha pili, kisha vitaje kwa Kiswahili: mtu na mtu? Kimo na kimo? Vitabu na vitabu? Ikiwa havifanani, lile si jibu.

Kuna mahali ambapo Kiswahili hakiwezi kuwabeba, nami sitaki kuwaficha. Sisi tunasema Kibo ni mrefu zaidi ya Mawenzi, na tunasema Kibo ni mrefu zaidi ya vilele vyote vya Kilimanjaro. "Zaidi" ni hiyo hiyo. Kiingereza kinahesabu kwanza. Wakiwa wawili, Kibo na Mawenzi, "Kibo is the taller of the two." Ukimwongeza Shira, kilele cha tatu, wanakuwa watatu na neno linabadilika: "Kibo is the tallest of the three." Hili halina njia ya mkato. Hesabu, ndipo uchague. Wala usiweke "more" mbele ya neno ambalo limeshabeba "-er": "more taller" ni kulipa deni moja mara mbili.

Tena kuna neno dogo "other". "Lake Victoria is larger than any lake in Africa" ni kosa, kwa sababu Victoria yenyewe ni ziwa la Afrika, na haiwezi kujishinda. Lazima iwe "any other lake in Africa". Lakini "Lake Victoria is larger than any lake in Europe" iko sahihi kabisa bila "other", maana Victoria haimo Ulaya. Ukilitia hapo ndipo unapoharibu.

Na mkiona sentensi inayomalizika na "than me" au "than I", ongezeni kitenzi kimoyomoyo. "She praises the teacher more than I" maana yake ni kuliko ninavyomsifu mimi. "She praises the teacher more than me" ni kuliko anavyonisifu mimi. Kiswahili nacho kina utata huu, "anamsifu mwalimu kuliko mimi", na mwandishi makini huumalizia kwa kitenzi kizima. Fanyeni hivyo hivyo kwa Kiingereza: "more than I do", au "more than she praises me".

Nawaachia moja mkaifanyie kazi wenyewe. Kiswahili ni lugha ya taifa Kenya na Tanzania, hilo mnalijua. Mtu ameandika: "Like Kenya, Swahili is the national language of Tanzania." Wekeni vidole viwili, tajeni cha kwanza, tajeni cha pili, kisha iandikeni upya kwa njia mbili tofauti.