Kamanda wa Vlakplaas na karatasi zilizochomwa (Sehemu ya Nne)

Tume ya Jaji Sisi Khampepe, iliyoundwa na Rais Cyril Ramaphosa mwaka 2025, imepewa swali ambalo Afrika Kusini imelikwepa tangu Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofunga kazi: je, kuna mkono uliozuia kesi za mauaji ya enzi ya ubaguzi zisifike mahakamani? Kesi takriban 300 zilipelekwa kwa waendesha mashtaka, na zilizoguswa ni chache mno. Kila mjadala huu unapoibuka, jina la Kanali Eugene de Kock, kamanda wa kikosi cha mauaji cha polisi wa enzi hiyo, hutangulia, na likishatangulia majina mengine hujificha nyuma yake. Wasomaji wa sehemu tatu zilizopita wanalijua shamba la Vlakplaas, makao ya kikosi hicho kando ya mto Hennops nje ya Pretoria, na wanajua kilichotendeka pale, sitakirudia. Ninachokitetea leo ni kwamba de Kock alikuwa mtumishi wa serikali kabla hajawa kitu kingine chochote, na kila tunapomtazama kama shetani aliyezuka kusikojulikana tunawafanyia hisani wakubwa waliomtuma.

Tuanze na ajira yake. Alizaliwa mwaka 1949, akajiunga na polisi, akapelekwa Namibia katika Koevoet, kikosi cha polisi kilichopigana vita kama jeshi kamili, kisha akarudi nyumbani na sifa. Mwaka 1985 alikabidhiwa Vlakplaas. Hilo halikuwa genge la wahuni. Lilikuwa kitengo cha C1 katika Tawi la Usalama la polisi, chenye magari, mishahara, na ngazi za wakubwa hadi makao makuu. Wapiganaji wa ukombozi waliotekwa na kugeuzwa waliitwa humo kwa neno letu hilihili, askari, wakalipwa ili wawasake wenzao wa jana. Fedha za ziada zilipatikana kwa hati za uongo, zilizodai malipo ya watoa habari ambao hawakuwapo. Ndiyo maana katika makosa 89 ambayo de Kock alitiwa hatiani mwaka 1996, mauaji yalikuwa sita, na mengi ya yaliyobaki yalikuwa ulaghai wa fedha. Wengi huyaruka hayo ya fedha kama madogo mbele ya damu iliyomwagika. Kwangu ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi, kwa sababu hati ya malipo haijisaini yenyewe: kuna aliyeiandika, aliyeiidhinisha na aliyetoa fedha. Na kamanda huyo alipoondoka kazini mwaka 1993, serikali ilimlipa zaidi ya randi milioni moja. Malipo ya namna hiyo hapewi mtu ambaye wakubwa wake hawamjui.

Tazama kifo cha Bheki Mlangeni, wakili kijana wa Johannesburg. Aliyekusudiwa kuuawa hakuwa yeye. Alikuwa Dirk Coetzee, kamanda wa zamani wa Vlakplaas aliyetoroka na kufichua siri za kikosi. Mafundi wa polisi walichukua chombo kidogo cha kusikilizia kaseti, wakatia baruti ndani ya visikizio vyake, wakajaribu kazi yao kwenye kichwa cha nguruwe ili waone kama kitapasuka sawasawa. Ndani waliweka kaseti yenye maandishi yaliyosema ni ushahidi kuhusu vikosi vya mauaji, wakijua kwamba mtu anayeutafuta ukweli hataacha kusikiliza. Kifurushi kilitumwa kwa Coetzee jijini Lusaka, na kwenye nafasi ya mtumaji likaandikwa jina la Mlangeni. Coetzee alishuku, akakataa kukichukua. Posta ikafanya wajibu wake, ikakirudisha kwa "mtumaji". Tarehe 15 Februari 1991, nyumbani kwake Soweto, Mlangeni alivaa visikizio, akabonyeza kitufe. Huyu alikufa mwaka mzima baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, wakati mazungumzo ya amani yakiwa mezani. Hesabu mikono iliyoshika kifurushi kile kabla hakijafika posta: wa kubuni, wa kununua, wa kutengeneza, wa kujaribu, wa kuandika anwani. Mtu mmoja mwovu hawezi kuyafanya hayo peke yake. Hiyo ni ofisi.

Ofisi hiyo ilikwisha kufichuliwa mapema, na hapa ndipo aibu ya wenye suti inapokuwa kubwa kuliko ya wenye bunduki. Almond Nofomela, polisi wa Vlakplaas aliyehukumiwa kifo kwa kumuua mkulima mzungu, alisubiri wakubwa wamwokoe. Hawakuja. Siku moja kabla ya kunyongwa, Oktoba 1989, alikula kiapo na kueleza jinsi yeye na wenzake walivyomuua wakili Griffiths Mxenge huko Umlazi, Durban, Novemba 1981, kwa visu. Kitanzi kikaahirishwa. Tarehe 17 Novemba 1989 gazeti dogo la Kiafrikana, Vrye Weekblad, la mhariri Max du Preez, likachapisha maungamo ya Coetzee aliyoyatoa kwa mwandishi Jacques Pauw. Serikali ya F. W. de Klerk ikaunda tume chini ya Jaji Louis Harms. Mashahidi wengine wa vikosi vya siri walifika mbele yake wamevaa nywele na ndevu za bandia. Mwisho wa yote, Jaji akasema Vlakplaas haikuwa na kikosi cha mauaji. De Kock akaendelea na kazi. Mlangeni aliuawa miezi michache baada ya ripoti hiyo. Jaji hakutega bomu, lakini kalamu yake ilikinunulia kikosi kile muda, na muda huo ulilipwa kwa maisha ya watu.

Kisha karatasi zikaanza kuungua. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilibaini kwamba mwaka 1993, ndani ya miezi kama sita hadi minane, makao makuu ya idara ya ujasusi peke yake yaliteketeza karibu tani 44 za nyaraka na filamu ndogo za kumbukumbu, na tanuri mojawapo lililotumika lilikuwa la kiwanda cha chuma cha Iscor, Pretoria. Tani 44! Haya ndiyo mauaji ya pili, nami sioni kwa nini wanahistoria wayasimulie kwa sauti ya chini. Linganisha na upande wa waliokuwa wakiwindwa. Kumbukumbu za shule ya ANC ya Mazimbu, Morogoro, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, na mtafiti yeyote anaweza kwenda kuzisoma. Wakimbizi wasio na dola walitunza makaratasi yao; dola yenye makabati ya chuma, walinzi na wahifadhi wa nyaraka ikachoma yake. Anayeamini kwamba alitenda haki hutaka ibaki mahali imeandikwa.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba hoja hii inampunguzia de Kock mzigo. Haimpunguzii hata chembe. Aliua kwa mkono wake, mahakama ikampa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake, na ilikuwa sawa. Hatia haigawanywi kama mkate ili kila mmoja apate kipande kidogo. Aliyeagiza anabeba yote, na aliyetenda anabeba yote. Mwingine atasema hakuna uthibitisho kwamba wanasiasa walijua. Upo. Adriaan Vlok, waziri wa polisi, alikiri mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano kwamba yeye na Rais P. W. Botha walihusika na agizo la kulipua jengo la Khotso House mwaka 1988, kazi iliyofanywa na watu wa de Kock. Ikumbukwe kwamba kabla ya kukiri, Vlok alikuwa amemsingizia hadharani mwanaharakati Shirley Gunn, ambaye aliwekwa kizuizini pamoja na mtoto wake mchanga. Vlok alipewa msamaha, akafa mwaka 2023 akiwa raia huru. Botha hakuhukumiwa kwa mlipuko ule. De Kock alikaa gerezani zaidi ya miaka 20, akaachiwa kwa parole mwaka 2015, baada ya kusaidia pia kutafuta mabaki ya waliopotea.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: wazee hawa waachwe wafe kwa amani, nchi isonge mbele. Lakini wanaozeeka si wauaji tu. Uchunguzi wa kimahakama kuhusu Matthew Goniwe na wenzake watatu wa Cradock, wanaharakati waliouawa Juni 1985, ulifunguliwa kwa mara ya tatu Juni 2025, miaka 40 baadaye, na maofisa walionyimwa msamaha katika kesi hiyo wamekwisha kufa bila kupanda kizimbani. Wajane wa wanne hao walikuwa wanawake vijana siku ya mauaji. Kwa hiyo Jaji Khampepe asiishie kuuliza nani alipiga simu kwa nani kuzuia kesi. Aagize vitabu vya Hazina na vya mkaguzi wa hesabu za serikali kuanzia mwaka 1980. Polisi walichoma nakala zao, lakini fedha ya umma huacha alama katika ofisi zaidi ya moja, na kila hati iliyobaki ina jina la aliyeidhinisha.

Wiki ijayo tutavuka kwenda kaskazini mwa Namibia, kwa Koevoet, alikofunzwa de Kock kazi hii.