Prachanda na Hesabu ya Wafu

WAHENGA walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Yasiyosemwa na wahenga ni nani atakayezihesabu nyasi hizo baada ya fahali kupatana.

Tumtazame Pushpa Kamal Dahal wa Nepal. Jina lake rasmi limejaa maua: pushpa ni ua, na kamal ni yungiyungi. Lakini mwalimu huyo wa zamani alipoingia katika siasa za maficho, alijulikana kwa jina la Prachanda, yaani Mkali. Mnamo Februari 13, 1996, chama chake cha Kikomunisti kilichofuata nyayo za Mao kilianzisha vita dhidi ya utawala wa kifalme. Siku chache kabla ya hapo, wenzake walikuwa wamewasilisha serikalini madai 40, miongoni mwayo ardhi kwa wakulima na usawa wa lugha zote za nchi hiyo.

Vita vilidumu miaka kumi. Watu wapatao 17,000 waliuawa, na wengine zaidi ya 1,300 hawajulikani waliko hadi leo. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Novemba 2006. Ufalme uliokuwa umedumu miaka 240 ukafutwa Mei 2008, na Agosti mwaka huo Mkali akawa waziri mkuu. Alijiuzulu Mei 2009 baada ya kushindwa kumng'oa mkuu wa majeshi, akarudi mwaka wa 2016, na mara ya tatu Desemba 2022 hadi Julai 2024.

Haki yake tumpe. Katiba ya 2015 inazitambua lugha zote za mama za Nepal kuwa lugha za taifa. Kwetu sisi wanaisimu, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, mnamo Januari 2020 Prachanda alitamka hadharani kwamba yuko tayari kubeba dhamana ya vifo 5,000; vilivyosalia akawatwika watawala wa kikabaila. Msomaji, itazame sentensi hiyo. Ina idadi, lakini haina jina hata moja. Mama aliyempoteza mwanawe atajuaje kama mwanawe yumo katika zile 5,000 au katika zile 12,000?

Tume mbili za ukweli ziliundwa mwaka wa 2015, zikapokea malalamiko zaidi ya 60,000, na bado haki haijatendeka. Mwaka wa 2023, Prachanda akiwa waziri mkuu, Mahakama ya Juu iliamuru malalamiko ya waathiriwa dhidi yake yasajiliwe.

Yamkini ukali wa kweli si ule wa kuuangusha ufalme, bali ni ule wa kusimama mbele ya mama huyo na kumtaja mwanawe kwa jina. Jeshi la serikali, nalo lililoua na kuteka watu, linadaiwa deni lilo hilo.